Robo Saa ya Ukeketaji Nchini Shwarini

Nchi ya Shwarini haimo kwenye ramani zenu, kwa hiyo msijisumbue kuitafuta. Mimi nilizaliwa huko, na kwa miaka ishirini na sita nilikuwa karani wa mahakama katika wilaya ya Mbuyoni, kazi yangu ikiwa kuandika kila lililosemwa bila kuongeza wala kupunguza. Nawasimulia haya kama nilivyoyaandika. Mkiona jambo linafanana na la kwenu, basi ni bahati mbaya, na serikali ya Shwarini inaomba radhi mapema.

Jambo la kwanza mnalopaswa kujua ni kwamba Shwarini hakuna ukeketaji. Uliisha miaka tisa iliyopita, siku ya Jumanne, saa nane mchana, kwa tamko la serikali lililosomwa redioni katikati ya salamu za wasikilizaji. Tangu hapo ukaundwa mfumo mzima wa kulinda huko kuisha kwake. Iko Wizara ya Utu na Maadhimisho, ambayo kila mwaka husherehekea kutokuwepo kwake. Katika kila wilaya iko Ofisi ya Mambo Yaliyokwisha, inayoshughulikia ukeketaji, rushwa, njaa na ukosefu wa madawati. Foleni ya ofisi hiyo hupinda kona mbili na kufika hadi posta.

Tatizo moja dogo lilibaki. Kila Desemba, shule zikifungwa, wasichana wengi wa Mbuyoni walikuwa wanaletwa zahanati wakivuja damu. Kwa kuwa ukeketaji haukuwepo, muuguzi aliandika kwenye daftari: "Ameangukia uzio." Mwaka mmoja waliangukia uzio wasichana arobaini na watatu. Serikali ilishtuka sana. Ikaanzisha Kampeni ya Uzio Salama, ikachapisha fulana, na nyua zote wilayani zikang'olewa. Desemba iliyofuata, katika wilaya isiyokuwa na uzio hata mmoja, waliangukia uzio hamsini na mmoja.

Mmoja wao alikuwa Zaina, msichana wa miaka kumi na mitano. Na mdogo wake Zaina ndiye Tunu, ambaye habari hii ni yake.

*

Tunu alikuwa na miaka kumi na mitatu na alisoma darasa la sita. Alikuwa mwembamba, mwenye maswali mengi. Aliishi na mama yake, dada yake na Bibi Sihaba, mama mzazi wa baba yake. Baba alikuwa anafanya kazi migodini, mbali, na sauti yake ilifika nyumbani kwa simu kila Jumapili.

Siku ya Jumatano, wiki ya mwisho kabla ya shule kufungwa kwa Desemba, Tunu akiwa anachambua mchele nje ya jiko, alimsikia Bibi Sihaba ndani akizungumza na mama yake.

"Jumamosi saa moja asubuhi. Wako saba. Semeni ameshakubali. Baba yake nimempigia, amesema sawa."

"Mama, huyu bado mdogo," mama yake Tunu alisema.

"Zaina naye ulisema mdogo."

Tunu akaendelea kuchambua mchele, lakini mikono ilikuwa inatupa mchele na kubakiza mawe.

Huyo Semeni aliyetajwa alikuwa ngariba, maarufu kuliko wote wilayani. Na tafadhali msidhani alikuwa anajificha. Bi Semeni alikuwa mstaafu wa serikali. Kila mwaka kwenye maadhimisho alihitajika ngariba wa kuweka chini kisu chake mbele ya waziri, na kwa kuwa mangariba wengine waliona haya, kazi hiyo alipewa yeye. Alikuwa amestaafu mara nane. Kila alipostaafu alipewa cheti, doti ya khanga na godoro. Magodoro yote aliyapanga kitandani, moja juu ya jingine, na ili kulala alikuwa anapanda kwa ngazi.

Usiku ule Tunu alimuuliza dada yake, "Inauma?"

Zaina alikuwa amegeukia ukutani. Akasema, "Nenda ukaseme, Tunu. Mimi sikujua kama inawezekana kusema."

*

Alhamisi, baada ya shule, Tunu alikwenda kituo cha polisi akiwa na sare yake. Zamu ilikuwa ya Koplo Matandiko, mtu mnene, mpole, mwenye mwandiko mzuri kuliko askari wote nchini.

"Shikamoo afande."

"Marahaba mwanangu. Umepotea?"

"Hapana. Nimekuja kushtaki. Jumamosi wanataka kunikeketa."

Koplo Matandiko alifungua kitabu cha makosa na kupitisha kidole kwenye orodha. Alipofika namba arobaini na moja akasimama. Palikuwa pamepigwa mstari wa wino mwekundu.

"Unaona hapa? Limefutwa. Limekwisha." Alisikitika kwa dhati. "Kama ungekuwa umeibiwa kuku ningekusaidia sasa hivi. Huna kuku aliyeibiwa?"

"Hatufugi kuku, afande."

"Basi nenda Ofisi ya Mambo Yaliyokwisha."

Tunu akaenda, akapanga foleni nyuma ya mzee mmoja aliyekuwa amekuja kulalamikia njaa ambayo haipo. Alipoingia alimkuta mkuu wa ofisi, Bwana Dibogo, amevaa suti yenye beji kumi na moja, akifanya mazoezi ya kusherehesha maadhimisho mbele ya kioo. Jumamosi hiyohiyo, saa nne, Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Shangwe Kibanio, alikuwa anakuja Mbuyoni kwenye maadhimisho ya mwaka wa tisa.

Bwana Dibogo alimsikiliza Tunu kwa utulivu mkubwa, kama daktari.

"Binti, umeshakeketwa?"

"Bado."

"Basi huo ni uvumi. Ofisi hii haishughulikii uvumi."

"Na nikishakeketwa?"

"Hapo litakuwa jambo lililopita. Ofisi hii haifukui yaliyopita, inaleta chuki katika jamii."

"Sasa nije lini, shikamoo, samahani, nije lini mzee?"

Bwana Dibogo alifikiri. Swali lilikuwa zuri na hakuwahi kuulizwa.

"Katikati," akasema mwishowe. "Tukio likiwa linaendelea. Ila uje na fomu hii imesainiwa na mzazi, mjumbe wa mtaa na ngariba mhusika."

*

Ijumaa Tunu alirudi kwa Koplo Matandiko, si kwa sababu alikuwa na jipya la kusema, bali kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Alikaa kwenye benchi, fomu mkononi, akilia kimyakimya. Koplo alimpa glasi ya maji. Hakujua kingine cha kumpa.

Simu ikalia. Koplo akaipokea, na palepale uso wake ukabadilika.

"Wangapi? ... Wanne! ... Wamekaa kabisa? ... Wanazungumzia nini? ... Bei ya chumvi!"

Akapiga filimbi. Askari sita walitoka mbio wakivaa kofia za chuma, wakarukia gari, na gari likaondoka kwa kishindo kwenda kuwatawanya akina mama wanne waliokuwa wanakunywa chai mbele ya duka bila kibali cha mkutano.

Tunu alifuta machozi. Aliliangalia vumbi lililoachwa na gari.

"Afande," akasema, "wakiwa wengi zaidi ya wanne?"

"Ni mbaya zaidi."

"Ishirini?"

Koplo akaweka kalamu chini. "Ishirini wako wapi?"

"Nyumbani kwetu. Kesho saa moja asubuhi."

"Wana kibali?"

"Hawana."

"Kutakuwa na ngoma?"

"Tatu."

"Hotuba?"

"Bibi yangu huwa anasema maneno. Siyajui, lakini ni marefu."

Koplo Matandiko alitoa kitambaa, akajifuta jasho la shingo. Kisha akapiga simu mkoani. Nilisoma baadaye kumbukumbu ya simu ile, na ninawahakikishia kwamba katika miaka yake yote ya utumishi hakuwahi kujibiwa haraka namna ile.

*

Jumamosi asubuhi Tunu alimwagiwa maji ya baridi pamoja na wasichana wenzake sita, wakafungwa khanga moja moja, wakapangwa mstari nyuma ya nyumba. Yeye alikuwa wa nne. Wa kwanza alikuwa Mwaija, mtoto wa jirani, mwenye miaka tisa, ambaye alidhani wamekuja kugawiwa nguo.

Wanawake waliimba. Bi Semeni alikuwa ameketi kwenye mkeka, akikitazama kisu chake kwa jicho moja kama fundi. Alikuwa na haraka, maana saa nne alipaswa kukiacha milele kwa mara ya tisa.

Tunu alitazama barabara. Hapakuwa na kitu. Alimtafuta mama yake kwa macho, akamwona mlangoni, ameziba mdomo kwa mtandio wake. Tunu alijiambia kwamba askari hawaji. Wamesahau, au wamekwenda kwenye bei ya chumvi.

"Mlete wa kwanza," alisema Bi Semeni.

Mwaija akashikwa mkono.

"TAWANYIKENI!" ilisema mbingu.

Haikuwa mbingu, ilikuwa kipaza sauti. Magari matatu yaliingia uani kwa wakati mmoja, na kwa kuwa nyua zote zilikwisha kung'olewa na Kampeni ya Uzio Salama, hayakupata kizuizi chochote. Askari sitini wakashuka na ngao. Gari mojawapo lilikuwa la maji ya kuwasha, nalo lilianza kazi kwa kumwagia maharage ya Bibi Sihaba yaliyokuwa yameanikwa.

"Mkusanyiko huu hauna kibali!"

"Afande, hii ni mila tu!" alipiga kelele Bibi Sihaba.

"Mila ina kibali?"

"Mila haina karatasi, mwanangu!"

"Basi tawanyikeni wote mkiwa chini ya ulinzi!"

Wanawake hawakujua jinsi ya kutawanyika wakiwa chini ya ulinzi, wakasimama. Ukafyatuliwa moshi wa machozi. Upepo ulikuwa unavuma kinyume, moshi ukawarudia wenyewe, na askari sitini wakaanza kulia kwa pamoja. Kina mama wawili, kwa huruma ya kawaida ya kizazi chao, walikwenda kuwapa maji ya kunawa. Walikamatwa wa kwanza.

Saa moja na robo kila kitu kilikuwa kimekwisha. Walikamatwa wanawake ishirini na mmoja, ngoma tatu, mkeka, kisu na wasichana saba. Tunu alipandishwa garini akiwa amemshika Mwaija mkono. Alikuwa amelowa, anakohoa, ni mtuhumiwa, na hakuwahi kufurahi hivyo maishani mwake.

*

Huku kwenye uwanja wa maadhimisho saa nne ilifika, Waziri akafika, na kiti cha ngariba kikawa kitupu.

Bwana Dibogo alikimbia hadi kituoni na beji zake zote zikigongana.

"Matandiko, nipe ngariba!"

"Ana kesi."

"Nipe kisu basi, nikirudishe baada ya saa moja!"

"Ni kielelezo namba moja. Kina lebo."

"Mheshimiwa anasubiri!"

"Lete kibali," alisema Koplo Matandiko.

Nilikuwepo uwanjani, kwa hiyo hili nililiona kwa macho yangu. Baada ya dakika ishirini za nyimbo, alitoka nyuma ya jukwaa mwanamke mmoja mrefu, amejifunika khanga hadi puani, viatu vya kiume, na chini ya khanga zilisikika beji zikigongana. Alipiga magoti mbele ya Waziri na kumkabidhi mwiko wa ugali.

"Nimeacha," alisema kwa sauti nyembamba.

Mheshimiwa Shangwe Kibanio aliupokea mwiko, akauinua juu kwa mikono miwili, na kulia kidogo.

"Wananchi!" alisema. "Kwa kifaa hiki cha kutisha watoto wetu waliteswa! Leo tunaadhimisha mwaka wa tisa wa kutokuwepo kwa jambo ambalo, kama lingekuwepo, tungelipiga vita kwa nguvu zote. Na kwa kuwa halipo, tumeshalishinda hata kabla ya kupambana nalo! Nchi gani nyingine inaweza kusema hivyo?"

Makofi yakapigwa. Bwana Dibogo akapewa godoro.

*

Kesi ilisikilizwa Jumatatu mbele ya Hakimu Galinoma, mwanamke mkimya aliyekuwa amehamishiwa Mbuyoni kama adhabu, kwa kosa la kusoma sheria hadi mwisho. Wasichana saba aliwaachia dakika ya kwanza. Kisha akainua hati ya mashtaka.

Hapo ndipo serikali ilipogundua kilichotokea. Fomu ya mkusanyiko bila kibali ina nafasi iliyoandikwa "Madhumuni ya mkusanyiko," na haiwezi kuachwa wazi. Koplo Matandiko, kwa mwandiko wake mzuri, alikuwa ameijaza: *Kukeketa wasichana saba.* Chini yake muhuri, na chini ya muhuri saini ya mkuu wa polisi wa mkoa, ambaye alisaini bila kusoma.

Wakili wa serikali alisimama akitokwa jasho. "Mheshimiwa Hakimu, tunaomba maneno hayo yafutwe. Jambo hilo halipo nchini."

"Sawa. Basi walikusanyika kufanya nini?"

"Walikusanyika bila madhumuni."

"Watu kusimama bila madhumuni ni kosa?"

"Si kosa, mheshimiwa."

"Kwa hiyo askari sitini, magari matatu na moshi vilikwenda kumwagilia maharage."

Wakili aliomba saa moja akapige simu wizarani. Aliporudi alisoma kwenye karatasi, bila kuinua macho:

"Serikali inakubali kwamba ukeketaji ulikuwepo, lakini kwa siku ya Jumamosi peke yake, kuanzia saa moja kamili hadi saa moja na robo. Kabla ya hapo haukuwepo, na baada ya hapo umekwisha tena."

Hakimu Galinoma aliandika. "Robo saa inanitosha," akasema. "Sheria inayoukataza ilitungwa zamani na hakuna aliyekumbuka kuifuta. Na ibara ya tisa ya Katiba inasema mwili wa mtu ni mali yake, na haki hiyo haisubiri afikishe umri fulani."

"Mheshimiwa, ibara ya tisa ni ya mapambo."

"Ndiyo maana nimeipenda."

Mara kukawa na sauti nyuma. Alikuwa Zaina, amesimama, ameshika kiti cha mbele yake.

"Na mimi je? Mimi ilikuwa Desemba ya juzi. Mimi niko kwenye robo saa gani?"

Hakimu akanigeukia. "Karani, andika." Nikaandika. Kabla sijaweka nukta alisimama mwingine, akataja mwaka wake. Kisha mwingine, mtu mzima, mwenye mjukuu mgongoni. Karatasi ziliniishia saa saba mchana, nikaendelea nyuma ya kalenda ya ukutani. Wa mwisho kusimama alikuwa mama yake Tunu. Alitaja mwaka tu, akakaa, akajifunika uso.

Kabla ya hukumu Hakimu alimwita Tunu mbele.

"Unajua bibi yako anaweza kufungwa?"

"Ndiyo."

"Unampenda?"

Tunu alimtazama Bibi Sihaba, aliyekuwa ameketi kizimbani bila kiatu kimoja, kilichopotea kwenye moshi. Akaanza kulia, na safari hii hakulia kimyakimya.

"Nampenda. Yeye ndiye ananisuka. Nikiumwa yeye ndiye halali. Lakini nilikuwa sitaki, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza."

Kazi yangu haikuwa kulia, lakini ukurasa ule hadi leo wino wake umetawanyika.

Bi Semeni alifungwa miaka mitano, akawa amestaafu kwa mara ya kwanza. Bibi Sihaba alifungwa miezi mitatu, na wanawake wengine wakaachiwa kwa onyo. Baba alipiga simu Jumapili, kwa hasira, na mama yake Tunu akamwambia, "Ukitaka kusema, njoo useme ukiwa umesimama hapa," kisha akakata simu, akaishangaa mikono yake mwenyewe. Bwana Dibogo alihamishwa. Koplo Matandiko alipandishwa cheo kwa ujasiri na kushushwa kwa uzembe, barua zote mbili zikafika siku moja, kwa hiyo akabaki koplo.

Serikali ilivumilia wiki mbili. Kisha Mheshimiwa Shangwe Kibanio alirudi Mbuyoni na bendi ya shaba, akakata utepe, na kuzindua rasmi kuwepo kwa ukeketaji nchini, ili sasa uweze kupigwa vita. Nilisimama nikapiga makofi pamoja na wengine. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia yetu kwa serikali kuzindua kitu ambacho kweli kilikuwepo.

*

Bibi Sihaba alirudi mwezi wa tatu, asubuhi, kwa miguu, amebeba fuko. Mama yake Tunu alimpokea fuko, akaliweka mlangoni. Zaina alibaki ndani. Tunu ndiye aliyempelekea uji barazani, akaketi mwisho wa ngazi, mbali kidogo naye.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

Bibi alikunywa. Alikuwa amepungua, na mikono yake ilikuwa migumu kwa kulima shamba la gereza. Tunu alisubiri kutukanwa. Alikuwa amejiandaa miezi mitatu.

"Mimi nilikuwa na miaka minane," alisema Bibi Sihaba, akiutazama uji. "Walinichukua nikiwa nacheza."

"Walikuuliza?"

"Nani? Mimi?" Bibi alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Nani alikuwa anamuuliza mtoto?"

"Na wangekuuliza, bibi?"

Bibi Sihaba aliweka kikombe chini. Alitazama mbele, kupita nyumba za jirani, kupita shamba la mtama, hadi kule kwenye kilima ambako barabara hupinda na kupotea. Alikitazama kilima kile muda mrefu sana, akipima.

"Ningekimbia," akasema. "Pale juu wasingenipata. Nilikuwa na mbio sana mimi."